UTI, famasi ya Leicester na maswali ambayo sijawahi kuulizwa

Jumamosi moja mwezi wa pili mwaka 2025, saa kumi alfajiri, nilikuwa nimekaa chooni kwangu hapa Leicester nimeshika ukuta kwa mkono mmoja, na hiyo ilikuwa mara ya nne naamka usiku huo huo. Wadada mliopitia mnajua naongelea nini. Unahisi mkojo umekubana kama umekunywa ndoo nzima, ukikaa yanatoka matone mawili matatu, na hayo matone yanapita kama pilipili. Nikawasha taa nikaangalia, mkojo umekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Nikajua hii ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, wala sihitaji mtu aniambie.

Mimi ni kea, nazunguka majumbani kwa wazee, nawaogesha, nawapa chai na dawa, nawageuza, naondoka naenda nyumba nyingine. Siku moja kabla nilikuwa na wazee tisa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku na ratiba imebana, dakika thelathini huku, kumi na tano kule, basi ndo hapo hapo. Choo cha mteja huwezi kuingia tu kama kwako, wengine hawapendi kabisa, kwahiyo nilishajizoesha kutokunywa maji nikiwa kazini ili nisisumbuke. Siku hiyo nilikunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi na soda jioni, basi. Nikibanwa najikaza. Najua wengi wenu mnafanya hivyo hivyo, walimu mlioko darasani kutwa nzima, makonda, akina mama wauza sokoni, wote tunabana mkojo kama vile ni jambo la kawaida.

Sasa kitu cha kwanza nilichofanya alfajiri ile ni kuvuta sanduku langu la safari chini ya kitanda. Ndani yake kuna kimfuko nilichokuja nacho toka Dar mwaka 2023, na kwenye kimfuko kuna panadol, kuna dawa za minyoo, kuna dawa mseto ya malaria, na kuna karatasi ya sipro, ile antibayotiki ya ciprofloxacin, imekatwa kwa mkasi, vimebaki vidonge vinne. Kila Mtanzania ninayemjua huku ana kimfuko kama hicho. Mama ndo alinifungia, akaniambia huko ulaya madaktari hawatoi dawa, utakufa na ugonjwa mdogo.

Nimekaa kitandani na ile karatasi mkononi labda dakika kumi. Vidonge vinne, ambavyo vilibaki kwa sababu mara ya mwisho nilivyopona siku ya pili nikaacha. Nikajiuliza hivi vinne ni dozi ya nini? Nani alisema vinatosha? Nikaona aibu kwa kweli, manake kazini nimeshafundishwa habari za usugu wa dawa, nimeshaona mzee anahamishwa hospitali kwa sababu dawa ya kawaida imegoma. Nikavirudisha. Jumamosi kliniki ya daktari wangu imefungwa, nilikuwa naweza kupiga 111, namba ya simu ya ushauri wa afya huku, nikasubiri kupigiwa, lakini nikakumbuka dada mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi aliwahi kuniambia kuwa sasa hivi UTI unatibiwa famasi tu, unaingia kama unaenda kununua dawa ya mafua.

Saa tatu kamili nilikuwa mlangoni, famasi ya Narborough Road, baridi ya kukata masikio.

Kwa msiojua, huku England tangu tarehe 31 Januari 2024 NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, wameanzisha huduma inaitwa Pharmacy First. Kuna magonjwa saba ambayo mfamasia anaruhusiwa kukuuliza, kukukagua na kukupa dawa mwenyewe bila wewe kwenda kwa daktari kwanza: sikio, koo, sainasi, mdudu aliyekung'ata pakavimba, impetigo (vidonda vya ngozi vya kuambukiza), mkanda wa jeshi, na UTI ya kawaida kwa mwanamke wa miaka 16 mpaka 64. Kumuona ni bure. Dawa unalipia kama unavyolipia dawa yoyote ya cheti, mimi nililipa paundi 9.90, na wale wenye msamaha wa malipo hawalipi kitu. Hawakuniuliza viza yangu, waliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na kliniki niliyosajiliwa, ili wamtumie daktari wangu taarifa kwamba nimetibiwa nini.

Nilivyofika kaunta nikashusha sauti, mnajua ile tabia yetu, nikamsogelea yule binti nikamwambia nadhani nina shida ya mkojo. Wala hakurudia kwa sauti. Akasema subiri kidogo mfamasia atakuita, na baada ya dakika kama ishirini mlango wa pembeni ukafunguliwa, mama mmoja wa Kihindi wa makamo akaniita kwa jina. Chumba kidogo sana, viti viwili, meza, kompyuta, mashine ya presha. Akafunga mlango. Akaangalia jina langu akauliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akacheka akaniambia bibi yake aliishi Kampala mpaka 1972 walipofukuzwa na Amin, na nyumbani walikuwa wanachanganya Kigujarati na Kiswahili. Kisha akanambia "pole sana" kwa lafudhi ya bibi yake, na mimi machozi yakanilenga, sijui ni maumivu sijui ni usingizi.

Sasa hapo ndo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hii post yote ni kwa ajili ya kilichofuata. Aliniuliza maswali. Maswali mengi, moja baada ya lingine, bila haraka, na anaandika.

Ukikojoa panauma? Ndiyo. Unaamka usiku kukojoa na hukuwa na kawaida hiyo? Ndiyo, mara nne. Mkojo umekuwa na ukungu ukiuangalia kwa macho? Ndiyo, kama maji ya mchele. Akanieleza kwamba hizo tatu ndo wanazozitegemea, ukiwa nazo mbili au zote tatu uwezekano wa UTI ni mkubwa, ukiwa na moja tu au huna hata moja inabidi wafikirie kitu kingine. Hakupima hata mkojo wangu! Mimi nilikuwa nimeshika kichupa kwenye mkoba nimejiandaa, akasema kwa mwanamke wa umri wako mwenye dalili kama hizi, dalili zenyewe zinatosha.

Akaendelea. Una homa? Unatetemeka? Mgongo unauma hapa pembeni chini ya mbavu? Umetapika? Hapo alikuwa anatafuta kama wadudu wameshapanda kwenye figo, manake hiyo ni habari nyingine kabisa, hiyo haitibiwi famasi, unapelekwa haraka kwa daktari au hospitali. Una mimba au inawezekana unayo, hedhi yako ya mwisho lini? Kuna uchafu wowote unatoka ukeni, kuna kuwashwa? Umewahi kupata UTI miezi sita iliyopita, na mwaka mzima uliopita mara ngapi? Una kisukari? Una shida ya figo? Umewekewa mpira wa mkojo? Kuna damu kwenye mkojo? Unakunywa dawa gani sasa hivi, hata za kienyeji? Kuna dawa imewahi kukudhuru?

Alafu akauliza kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu yeyote maisha yangu yote. Akauliza kama nina upungufu wa G6PD, au kama kuna mtu kwenye familia aliwahi kunywa dawa akawa manjano au akakojoa mkojo mweusi. Nikasema sijui, kwanini? Akaniambia hiyo ni kitu kwenye chembe nyekundu za damu, kuna watu wanazaliwa nacho pungufu, na watu wa maeneo ambayo malaria imekaa miaka na miaka kama Afrika ndo wanao zaidi huo upungufu, wanaume zaidi kuliko wanawake kwa jinsi kinavyorithiwa. Dawa anayotaka kunipa inaweza kupasua chembe za damu za mtu mwenye huo upungufu. Jamani. Mimi nimemeza dawa za kila aina kuanzia utotoni na hakuna aliyewahi kuniuliza damu yangu ikoje.

Nikatoa ile karatasi ya sipro nikamuonyesha. Sikutaka kumficha. Hakunikaripia, aliigeuza akaangalia tarehe, akauliza nilikunywa lini mara ya mwisho na kwa siku ngapi, kisha akaniambia taratibu kwamba huku sipro na ndugu zake wote tangu Januari 2024 madaktari wameambiwa wasiziandike mpaka dawa nyingine za kawaida ziwe hazifai, kwa sababu kuna watu zinawaharibu kano za miguu na mishipa ya fahamu na wengine hawaponi. Na Shirika la Afya Duniani nalo limeziweka antibayotiki kwenye makundi matatu, sipro iko kwenye kundi la kuangaliwa kwa jicho kali lisije likaisha nguvu, wakati hii aliyonipa mimi, nitrofurantoin, iko kundi la kwanza la zile za kuanzia. Nikafikiria mitaani kwetu sipro inavyouzwa kama big G.

Alinipa vidonge sita. Kimoja asubuhi, kimoja usiku, siku tatu, na chakula, sio tumbo tupu, manake na chakula inaingia vizuri mwilini na haikuchefui sana. Akanionya mkojo utabadilika rangi, kweli ulikuja kuwa kama chai ya rangi iliyokolea, kama asingeniambia ningepiga ukelele. Akanikataza vile vipakti vya unga wanavyouza kwenye kaunta vya kupunguza ukali wa mkojo, nilikuwa nimeshavishika mkononi, akasema hivyo vinabadilisha mkojo na dawa yako inashindwa kufanya kazi, kunywa panadol na maji. Na mwisho akanambia, hii aliandika kabisa kwenye karatasi, kama baada ya saa 48 hujaona nafuu, au ukipata homa, au mgongo ukianza kuuma pembeni, usirudi kwangu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo au piga 111.

Nimetoka pale nimetumia kama dakika kumi na tano ndani ya chumba. Jumapili jioni nilikuwa nakojoa kama binadamu. Jumatatu usiku nimemeza cha sita, sikubakiza.

Sasa linganisha na nilikotoka. Miaka yangu ya chuo nilikuwa nakaa Mbagala na duka la dawa liko kona tu pale. Unafika, mbele yako kuna kijana ananunua kondomu, nyuma yako kuna mama jirani amekuja na mtoto, na kuna mzee kakaa kwenye benchi anapiga soga. Unanong'ona, anayeuza anauliza kwa sauti "nini? mkojo?" Unaitikia kwa kichwa. Anageuka, anachomoa karatasi, mkasi kwa, kwa, kwa, anakata vidonge sita au vinne kulingana na hela uliyoshika, anavitumbukiza kwenye kibahasha, anaandika 1x2 kwa kalamu, elfu mbili, mwingine! Hajauliza mimba. Hajauliza homa. Hajauliza kama ni mara ya kwanza au ya sita. Na mimi wakati huo nilikuwa naona hiyo ndo huduma nzuri, kwa sababu ni haraka na hakuna foleni na hakuna nesi wa kunikaripia, na ukweli mara nyingine nilipona. Simlaumu yule dada wa duka peke yake, ana foleni, ana bosi, na sisi wateja wenyewe tunafika tumeshajipa jibu, tunasema "nipe sipro", akikataa tunaenda duka la pili.

Lakini wakati mwingine sikupona, nikasema nina UTI sugu. Hilo neno UTI sugu naomba tulifikirie vizuri. Nyumbani siku hizi kila mtu ana UTI sugu. Ukienda kupima malaria hakuna, unaambiwa una UTI. Kichwa kinauma, UTI. Mtoto analia, UTI. Kipimo kimechukuliwa kwenye kichupa ulichochota mkojo wa kwanza kabisa bila kunawa, unakutwa na "wadudu wachache", unaandikiwa dawa. Kazi hii ya wazee imenifundisha kitu kikubwa, kwamba mtu anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo na asiwe mgonjwa kabisa. Wazee wengi sana wako hivyo. Ndo maana kwa mtu aliyepita miaka 65 huku tunafundishwa tusikimbilie kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, kitakuja na rangi ya UTI na mzee hana UTI, akipewa antibayotiki bure unamharibia tumbo na unawafundisha wadudu kupigana. Na hao wa juu ya 65 mfamasia haruhusiwi kuwatibu kwa utaratibu huu, wala wanaume, wote wanapelekwa kwa daktari.

Alafu kuna hili la aibu. Kwetu mwanamke akisema ana UTI watu wanaangaliana, ametembea, au ni mchafu, au ametumia choo cha stendi. Jamani, wadudu wa UTI kwa sehemu kubwa ni E. coli wa tumboni mwako mwenyewe, wanakaa kwenye utumbo siku zote hawana shida, shida ni wakihama kuja mbele. Na mwanamke njia yake ya mkojo ni fupi, kama sentimita 4 tu, ya mwanaume ni ndefu mara kadhaa, ndo maana sisi tunaugua zaidi. Tendo la ndoa linaongeza uwezekano kwa sababu linawasukuma, lakini UTI sio ugonjwa wa zinaa, ata mke wa shehe anaugua, ata mtawa anaugua. Kukojoa baada ya tendo kunasaidia, kutawaza kutoka mbele kwenda nyuma kunasaidia, kunywa maji kunasaidia. Choo cha stendi kimesingiziwa mengi.

Yule dada Mkenya aliyenielekeza famasi, mwezi wa nne na yeye ukampata. Akaenda famasi ile ile. Akanipigia simu amekasirika hadi sauti inatetemeka, wamemkataa! Alikuwa na mimba ya wiki kumi na moja, hajamwambia mtu kazini, na mfamasia alivyosikia mimba akafunga kompyuta akasema hapa sikupi dawa, leo leo unaonana na daktari, na akampigia mwenyewe kliniki wampangie nafasi. Rafiki yangu anaona kama ametendwa, ameshajieleza mambo yake yote kwa mtu baki alafu anatoka mikono mitupu. Mimi nikamwambia dada, huyo mama amekupenda. Mjamzito mkojo wake lazima uoteshwe maabara kuona ni wadudu gani, dawa inachaguliwa kulingana na miezi ya mimba, na UTI ikipanda kwenye figo mjamzito anaweza kupata uchungu kabla ya wakati. Alitibiwa, mtoto kazaliwa salama, sasa hivi ana mashavu kama maandazi.

Na mimi pia nikaja kukataliwa. Mwezi wa sita ikarudi, dalili zile zile, nikaenda nikijua sasa mimi ni mwenyeji. Mfamasia yule yule, akafungua rekodi, akahesabu kwa vidole, Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Mara mbili ndani ya miezi sita, akasema hii tunaiita ya kujirudia, sikupi dawa, daktari lazima ajue kwanini inarudi. Nikajaribu kubembeleza, nina shifti mchana, nipe tu zile zile. Hakunipa. Kliniki wakanipa kichupa chenye mfuniko mwekundu, nesi akanielekeza kukojoa kidogo chooni kwanza kisha kinga wa katikati, ule wa mwanzo umeshaosha njia. Wakanianzishia dawa huku wanasubiri majibu, na majibu ya kuotesha yalivyokuja wadudu walikuwa sugu kwa trimethoprim.

Trimethoprim. Nikaitafuta nikakuta ni moja kati ya dawa mbili zilizomo kwenye septrini. Septrini! Ile tuliyopewa kila tukikohoa, kila tukiharisha, ile ya maji ya watoto tamu na ya vidonge vikubwa vyeupe. Siwezi kusema ni kwa sababu ya zile septrini za utotoni, daktari mwenyewe alisema wadudu hao sugu wako hapa hapa England pia na unaweza kuwapata bila kumeza chochote. Lakini nililala nikiwaza zile bahasha zote.

Kuna watu watasema nalinganisha vitu visivyolingana, kule hela hakuna na huku serikali tajiri. Nakubali kuhusu hela. Ila nawakumbusha sisi hatukuanza nyuma kwenye hili. Tanzania mwaka 2003 ilianza Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu, yale maduka ya dawa baridi ya zamani yakawekewa viwango, wauzaji wakapelekwa mafunzo, duka likapewa ithibati na likaruhusiwa kisheria kuuza dawa kadhaa za cheti, antibayotiki zikiwemo, kwa sababu kijijini daktari yuko mbali na duka liko karibu. Baadae ukasambaa nchi nzima na wageni wakaja kujifunza kwetu. Kwahiyo wazo la kutibiwa dukani ni letu pia, mtu tayari yupo pale kaunta, amevaa koti jeupe, anafahamiana na mtaa mzima. Kinachokosekana ni dakika tano na pazia. Maswali yale hayahitaji umeme wala mashine. Mimba, homa, mgongo, uchafu, mara ya ngapi. Hata kama akishauliza atasema "nenda kituo cha afya mdogo wangu, hii siyo ya kwangu", huo ndo utabibu wenyewe.

Mdogo wangu ana saluni Tandika. Nilivyomsimulia haya yote kwa simu akanyamaza, kisha akaniambia na yeye ana UTI sugu tangu mwaka jana, hajaniambia kwa sababu ataonekana nini. Ameshakunywa sipro mara tatu kutoka maduka mawili tofauti. Nikamuuliza maswali ya yule mama kwa mpangilio kama nilivyoyakumbuka. Panauma ukikojoa? Kidogo, kwa nje. Unaamka usiku? Hapana. Mkojo una ukungu? Hapana, mkojo msafi. Kuna uchafu unatoka? Akasema upo, mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, na kuwashwa usiku hadi analia, na kila akimaliza sipro unazidi.

Mimi sio daktari, nikamwambia kesho funga saluni nenda kituo cha afya, mwambie nesi hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, usimwambie una UTI. Akaenda. Wakamkagua, fangasi. Akapewa vidonge vya kuweka ukeni, na baada ya wiki akanitumia voisi noti ndefu anacheka. Mwisho wa ile voisi noti sauti ikabadilika, akasema dada, mwaka mzima nimelala chumba kingine na mume wangu kwa ajili ya hiki kitu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nawashwa. Kisha akanitumia picha ya zile bahasha tatu za sipro alizokuwa amezitunza kwenye droo ya saluni. Zote zimeandikwa 1x2, hakuna jina lake, hakuna jina la dawa.